Nani anakunywa petroli yangu? Kisa cha sensa ya joto

Leo naweka programu na simu kando. Nataka kuwasimulia habari ya kidude kidogo cha shaba, kirefu kama kidole gumba, ambacho mwaka 2023 kilinitia hasara, kikanifanya nimwite mtoto wa dada yangu mwizi, na mwishowe kikaniweka jikoni saa tatu usiku nikichemsha kipande cha gari ndani ya sufuria ya chai. Kama una gari la zamani, soma mpaka mwisho. Kama huna, soma tu, maana kosa lililokuwa ndani ya gari hili ni kosa ambalo sisi tunaoandika programu tunalifanya kila wiki.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya 1994, ile inayojulikana kama AE100, yenye injini ya 5A-FE ya cc 1,500. Halina kabureta. Lina injekta na kompyuta ndogo inayoamua petroli kiasi gani imwagwe kila mara. Mnazijua gari hizi, bado ziko nyingi barabarani na hazina maringo.

Dada yangu mkubwa anafuga kuku wa mayai huko Kikuyu. Mwanawe, yaani mpwa wangu, ndiye anayesambaza trei za mayai kwenye maduka na vibanda vya chipsi kuanzia Dagoretti hadi Kawangware. Gari na petroli ni juu yangu, kuku na jasho ni juu yao, na faida tunagawana mwisho wa mwezi. Ni biashara ndogo, lakini imesomesha watu.

Mimi ni mtu wa namba, kwa hiyo toka siku ya kwanza nilikuwa na lahajedwali. Tarehe, kilomita, lita, bei. Kuanzia Januari hadi Mei 2023 gari lilikwenda wastani wa kilomita 11.8 kwa lita. Juni likashuka hadi 11. Julai 10.1. Agosti 9.2. Septemba 8.9. Na kumbukeni mwaka ule ulikuwaje: katikati ya Septemba 2023 petroli ya super hapa Nairobi ilivuka shilingi 200 kwa mara ya kwanza, ikawa 211.64, na mwezi uliofuata ikapanda tena hadi 217.36. Kila nilipojaza namba mpya moyo ulikuwa unaruka.

Nikaongeza safu moja kwenye lahajedwali. Nikaipa jina "Imepotea". Ilikuwa inachukua lita ambazo gari lilipaswa kutumia, inatoa kwenye lita zilizolipiwa, halafu inazidisha kwa bei. Mwisho wa Agosti nikamkata mpwa wangu shilingi 4,000. Mwisho wa Septemba nikamkata 4,000 nyingine.

Aliniambia, "Mjomba, mimi sijachukua hata lita moja." Halafu akaongeza neno ambalo sikulijali: "Gari ikishapata moto haitaki kuwaka. Ndiyo maana siizimi nikishusha mayai."

Mimi nilikuwa nimeshamwona kwa macho yangu, Kawangware, gari linanguruma peke yake huku yeye akihesabu trei dukani. Kwangu huo ulikuwa ushahidi wa pili. Kama si mwizi basi ni mharibifu. Dada akanipigia simu, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa (dada akipaza sauti hakuna shida, akiishusha ndipo uogope), "Wewe ndiye uliyemfundisha kuendesha." Akakata. Baada ya hapo alikuwa hapokei simu zangu.

Si kwamba sikupeleka gari kwa fundi. Nilipeleka, mwezi huo huo wa Septemba. Fundi akabadilisha plagi zote 4, chujio la hewa, na akaniandikia kwenye risiti "sensa ya joto". (Wasomaji wa Kiswahili sanifu mtanisamehe. Najua sensa ni ya kuhesabu watu, kama ile ya 2019, na kwamba vitabu vinataka niseme kihisio. Lakini nendeni Grogan mkaulize kihisio muone mtakavyotazamwa.) Gari likarudi vile vile. Nikarudi kwake, akaniambia, "Bosi, hii kompyuta imechoka. Tafuta ingine ya eksi-Japani, kama 18,000 hivi." Kijana mwingine pale gereji akaja na kifaa chake cha kusoma makosa, kile cha soketi ya pini 16, akazunguka gari zima akitafuta mahali pa kukichomeka. Hapakuwepo. Gari hili ni la kabla ya utaratibu huo kuenea.

Oktoba nikaamua kumkamata kijana kwa ushahidi usiopingika. Nikachukua gari wiki nzima, nikaendesha mwenyewe. Nikajaza tangi hadi juu, nikaenda zangu, nikarudi kituo kile kile na pampu ile ile nikajaza tena hadi juu. Funguo nilikuwa nalala nazo.

Kilomita 267. Lita 30.1. Shilingi 6,542.

Nikapiga hesabu mara tatu. Ilikuwa 8.87 kwa lita. Wiki ile hakuna mtu aliyegusa gari lile isipokuwa mimi, kwa hiyo kama kulikuwa na mwizi, alikuwa anavaa viatu vyangu. Na juu ya hayo, siku ya nne nilizima gari nje ya duka kununua maziwa, dakika tano tu, niliporudi likakataa kuwaka. Linazungusha, linazungusha, linanuka petroli, nyuma yangu watu wanapiga honi. Likawaka nilipokanyaga mafuta hadi chini, likatoa wingu la moshi mweusi. Nilikaa pale kwenye usukani nikikumbuka maneno ya mpwa wangu neno kwa neno.

Jioni ile nikafungua plagi moja. Ilikuwa na mwezi mmoja tu, nyeusi ti kama chungu cha kuni. Hiyo ni dalili ya petroli nyingi kuliko hewa. Basi swali likabadilika. Petroli haikuwa inaibwa, ilikuwa inamwagwa ndani ya injini na mtu aliyekuwa na ruhusa ya kuimwaga, yaani kompyuta. Ni kitu gani kinaweza kumfanya mtu huyo amwage zaidi?

Injini baridi inahitaji petroli zaidi, kwa kuwa petroli ikigusa chuma baridi haigeuki mvuke vizuri. Gari za kabureta zilikuwa na choki ya kuvuta kwa mkono kwa sababu hiyo hiyo. Kwenye gari la injekta, kompyuta inauliza sensa ya maji: joto liko wapi? Sensa ikijibu baridi, inaongeza petroli na kupandisha mzunguko. Sensa ikijibu moto, inapunguza. Tena injini ikiwa bado baridi, kompyuta haisikilizi hata ile sensa ya oksijeni iliyoko kwenye ekzosi, ambayo ndiyo ingeweza kumwambia, "Ndugu, punguza, umezidisha." Kwa hiyo ukiweza kuidanganya kompyuta kwamba injini haijapata moto, umeifunga masikio yote mawili.

Lakini sensa si ilibadilishwa? Risiti ninayo!

Hapa ndipo penye mtego. Gari hili lina vidude vitatu vinavyohusika na joto la maji, na watu wote wanaviita sensa ya joto. Cha kwanza kina waya mmoja, kazi yake ni kusukuma mshale wa dashibodi tu, kompyuta haikijui. Cha pili kiko chini kwenye rejeta, hicho ni swichi ya feni. (Hiki nakipenda sana: injini ikiwa baridi swichi imefunga na feni imelala, joto likipanda swichi inafunguka na feni inazunguka. Maana yake waya ukikatika njiani, feni inazunguka muda wote, injini haiungui. Mtu aliyebuni hivyo alikuwa anafikiri.) Cha tatu kina nyaya mbili, kimejificha upande wa gia karibu na distribyuta, na hicho ndicho kinachoongea na kompyuta. Nilipomulika kwa tochi nikaona cha waya mmoja kinang'aa, kipya kabisa. Cha nyaya mbili kilikuwa na vumbi la miaka 29.

Simlaumu sana fundi. Nilimwambia "sensa ya joto" na yeye akabadilisha sensa ya joto.

Kabla ya kufungua chochote nilitaka kusikia kompyuta yenyewe inasema nini. Gari hizi zina njia yake, na haihitaji kifaa cha maelfu. Chini ya boneti kuna kisanduku cha plastiki kilichoandikwa DIAGNOSIS. Fungua kifuniko, ndani yake kuna ramani ya matundu. Unatafuta TE1 na E1, unayaunganisha kwa klipu ya karatasi iliyonyooshwa (hakikisha mara mbili kuwa ni matundu hayo na si ya jirani), unafungua swichi bila kuwasha injini, huku mguu wako hauko kwenye mafuta. Taa ya injini kwenye dashibodi inaanza kupepesa. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja, maana yake kompyuta haijaona kosa. Ikiwa na kosa inahesabu: kupepesa mara 2, kimya kidogo, mara 2 tena, hiyo ni 22, yaani sensa ya joto la maji.

Taa yangu ilipepesa mfululizo. Hakuna kosa. Kila kitu ni salama, bwana mkubwa.

Nilikaribia kufunga boneti. Nikajiuliza, hivi "hakuna kosa" inamaanisha nini hasa? Sensa hii ni themista, kipande ambacho ukinzani wake unashuka kadiri joto linavyopanda. Kompyuta inapeleka volti 5 kupitia kinzani chake cha ndani, halafu inasoma volti zilizobaki kwenye waya. Baridi, volti ziko juu. Moto, volti ziko chini. Waya ukikatika, volti zinapanda hadi karibu na 5. Nyaya zikigusana, zinashuka hadi karibu na 0. Kwa lugha yetu sisi, programu iliyomo inafanana na hii:

kama volti zimekaribia 0 au zimekaribia 5:
    washa taa, andika 22, chukulia joto ni 80
la sivyo:
    amini

Neno la mwisho ndilo lenye balaa. Nimeandika fomu ngapi za aina hiyo? Namba ya simu ina tarakimu 10, inaanza na 07 au 01, sawa, pita. Hiyo haisemi simu ni ya nani wala kama ipo. Kompyuta ya gari langu ilikuwa inauliza kama jibu linawezekana, haiulizi kama ni la kweli. Ukiiambia kwamba injini iliyotembea saa nzima kwenye jua la saa nane ina nyuzi 36, itakubali, kwa sababu nyuzi 36 zinawezekana.

(Gari za baadaye zimejanjaruka. Utaratibu wa OBD-II, ambao Marekani iliulazimisha kwa magari ya modeli ya 1996 na kuendelea, una msimbo P0125 kwa ajili ya injini ambayo imewaka muda wa kutosha lakini joto linalosomwa bado halitoshi, na P0116 kwa sensa ambayo usomaji wake hauendani na hali. Yaani mtu fulani aliketi akaandika swali la pili.)

Nikachukua maltimita, ile ya mafundi redio niliyonunua Luthuli Avenue. Nikaendesha gari kilomita kama 10, mshale wa dashibodi ukatulia katikati. Soketi ikiwa bado imechomekwa, nikapenyeza sindano mbili za kushonea kwa nyuma ya soketi, moja kila waya, zisigusane. Kwa injini iliyopata moto vizuri inatakiwa kusoma kati ya volti 0.2 na 1.0. Nikasoma 1.7. Nikasubiri, labda bado haijafika. Dakika kumi baadaye, 1.7. Feni ikawaka, ikazima, 1.7.

Halafu nikafanya jaribio ambalo lilimaliza ubishi. Nikiwa nimeacha injini inanguruma, nikachomoa kabisa soketi ya sensa. Taa ya injini ikawaka kama ilivyotarajiwa, na mngurumo ukatulia. Ile sauti ya juu niliyoizoea miezi minne ikashuka ikawa sauti ya gari lenye akili timamu, na harufu ya petroli ikapungua. Nikachomeka, sauti ikapanda. Nikachomoa, ikashuka. Kompyuta ilipokosa jibu kabisa ilichukulia nyuzi 80, ambazo zilikuwa karibu na ukweli. Ilipopata jibu ililiamini na kuharibu kila kitu. Gari lilikuwa linakwenda vizuri zaidi bila sensa kuliko kuwa na ile iliyokuwepo.

Msije mkaishia hapo mkaendesha gari bila sensa. Asubuhi baridi ya Kikuyu kompyuta itachukulia injini ina nyuzi 80 na gari halitawaka kirahisi. Baada ya jaribio nilichomeka tena, nikazima swichi, nikang'oa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa muda kidogo ili kumbukumbu ya 22 ifutike.

Kesho yake injini ikiwa imepoa (sitaki kusikia mtu amefungua maji ya rejeta injini ikiwa ya moto, yatakuchubua uso) nikaweka beseni chini, nikafungua sensa kwa spana namba 19. Maji kidogo yalimwagika. Nikaingia nayo jikoni.

Mke wangu aliuliza mara moja tu, "Na sufuria zote, hiyo ya chai?" Nilikuwa nimeshaijaza maji. Niliifunga sensa kwa waya kwenye mwiko uliolala juu ya sufuria, ncha yake ya shaba ndani ya maji, miguu yake ya umeme juu mahali pakavu, na pembeni kipima joto cha jikoni. Kitabu cha gari kinasema kwa nyuzi 20 ukinzani uwe kati ya ohm 2,000 na 3,000, na kwa nyuzi 80 kati ya 200 na 400. Sensa yangu ilisoma hivi: nyuzi 20, ohm 3,570. Nyuzi 40, ohm 2,260. Nyuzi 60, ohm 1,700. Nyuzi 80, ohm 1,430. Maji yalipochemka, 1,325. Kumbukeni tuko Nairobi, mita kama 1,700 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi wala si 100. Usipojua hilo utalaumu kipima joto bure.

Kwenye nyuzi 80 ilitakiwa kuwa 400 ikizidi sana. Ilikuwa 1,430. Kwa kompyuta hiyo ni kama nyuzi 35 au 36, na kama mnavyoona, hata maji yakichemka haisogei tena mbali. Kwa maoni ya kompyuta, injini yangu haikuwahi kupata moto toka Juni.

Grogan, yaani Barabara ya Kirinyaga, nilienda na maltimita mfukoni na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto. Wauza spea walicheka sana. Duka la kwanza sensa ilikuwa na sanduku zuri lenye maandishi ya Kijapani, nikachovya ncha yake ndani ya kifuniko cha chupa chenye maji ya moto, ikasoma ohm 900. Nikashukuru nikaondoka. Duka la pili mzee mmoja akaniambia, "Weka maji yako hapa kijana, hata mimi nataka kuona." Yake ikasoma ohm 350. Nikamlipa shilingi 800.

Nilipoipima ile mpya kwenye sufuria nilipata 2,460, 1,150, 590, 320 na 215. Chukueni kalamu mtoe hizi kwenye zile za kwanza. Tofauti ni ohm 1,110 kila mahali! Themista ya zamani ilikuwa nzima kabisa. Ndani yake, mahali ambapo waya unaungana na mguu, palikuwa pamepata kutu, na kutu hiyo iliongeza ohm 1,110 juu ya kila jibu. Injini ikiwa baridi, ohm 1,110 juu ya 2,460 si kitu kikubwa, kompyuta inadhani nyuzi 12 badala ya 20, na gari linawaka asubuhi kama kawaida. Ndiyo maana kila fundi aliyelisikia asubuhi alisema halina shida. Injini ikiwa ya moto, ohm 1,110 juu ya 320 inafuta jibu lote. Na kwa kuwa kutu inakua polepole, namba zangu zilishuka polepole, 11, 10.1, 9.2, mfano mzuri kabisa wa kijana anayezidi kuzoea kuiba.

Nikafunga sensa mpya na wosha yake mpya, nikasafisha soketi, nikarudisha maji, nikatoa hewa. Injini ilipopata moto sindano zilisoma volti 0.5. Wiki iliyofuata nilipima tena tangi kwa tangi: 11.6.

Jumapili nikaenda Kikuyu na bahasha ya shilingi 8,000. Dada alinifungulia mlango, akanikaribisha chai, akarudi kwa kuku wake. Mpwa wangu alikuwa anapanga trei. Nikamweleza yote, sensa, kutu, sufuria. Nikamwonyesha sensa ya zamani, akaigeuzageuza mkononi. Nikamwambia nilikosea na naomba radhi. Akasema, "Sawa, mjomba." Hakuifungua bahasha.

Halafu akaomba kuona lahajedwali. Nilikuwa na kompyuta yangu, nikampa. Alitelemka nayo taratibu mpaka Juni, akaenda kulia safu kwa safu, akafika kwenye "Imepotea". Akaweka kidole juu ya kioo.

"Hii ndiyo mimi?"

Nikasema ndiyo. Nikaifuta safu ile mbele yake, akanizuia nisifunge kompyuta. Alitaka mahali pa dereva kuandika anachokisikia kwenye gari. Tukaongeza safu, tukaiita "Dereva anasema". Dada alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya chakula cha kuku, sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi. Aliuliza kama nitalala au narudi mjini usiku huo huo.

Jumatatu kijana akaandika la kwanza: breki ya nyuma, upande wa kushoto, inalia ukishuka mlima. Nilifungua gurudumu Jumamosi. Viatu vya breki vilikuwa vimeisha.